Kiti cha Upande wa Serikali

Mume wangu hakuwa mtu wa kutulia. Nilimjua hivyo tangu siku za uchumba wetu kule kusini. Alikuja kututembelea kwenye nyumba ya walimu wa misheni, akamaliza saa nzima akizunguka uwanja huku akizungumza, mimi na shangazi yangu tumekaa kwenye benchi, shingo zetu zikimfuata huku na huku. Alipoenda zake shangazi akaniuliza, "Mwanangu, huyu utaolewa naye au utamfukuzia?"

Nikaolewa naye. Alikuwa amerudi kutoka Ulaya alikosomea sheria, na siku zile Mwafrika aliye wakili alikuwa kitu cha kutazamwa. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la nguo la Mhindi, katika mji wetu mdogo wa bandari. Watu walikuwa wakija mpaka dirishani, wanachungulia, wanaona ni mtu tu kama wao, anajifuta jasho shingoni, basi wanakwenda zao.

Kazi haikuwa kama alivyoiota akiwa Ulaya. Wenye maduka walikuwa na mawakili wao wa Kihindi, na Wazungu wa mkonge walikuwa na wao. Kesi za watu wetu zilikuwa za mikorosho, mipaka ya mashamba, talaka na mirathi, na zote zilisikilizwa kwa Liwali. Huko kwa Liwali wakili hakuruhusiwa kusimama. Ndiyo ilikuwa sheria ya Waingereza kwa mahakama za wenyeji: kila mtu ajisemee. Kwa hiyo waliomhitaji zaidi mume wangu ndio hao hao asioweza kuwasemea.

Akatafuta njia. Jioni alikuwa akiwakalisha watu kwenye baraza ya nyumba yetu na kuwafundisha kujisemea. Nakumbuka mjane mmoja ambaye shemeji yake alichuma mikorosho ya marehemu na kudai ni yake. Mume wangu alijifanya ndiye Liwali. Akakunja uso, akauliza kwa ukali, "Mbona ulinyamaza walipochuma msimu wa kwanza?"

Yule mama akaanza kulia.

"Usilie. Liwali hataki machozi, anataka sababu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani, baba. Nilikuwa nakaa eda."

"Hilo ndilo jibu! Liwali ni Mwislamu, eda anaijua. Haya, tena. Mbona ulinyamaza?"

Walirudia hivyo jioni kadhaa, mpaka yule mama akawa anajibu huku kidevu kiko juu. Siku ya kesi mume wangu alikuwa nje ya jengo la Liwali, anakwenda na kurudi juani, kofia mkononi. Mama akashinda mikorosho yake, akatoka akipiga vigelegele peke yake. Mimi nilidhani mume wangu angefurahi. Alirudi nyumbani amekunja ndita. "Ameshinda yeye," akasema. "Mie nilikuwa nje kama mbuzi aliyefungwa kamba."

Nadhani ndiyo sababu, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipomwita na kumwambia kwamba Gavana anataka kumteua kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam, hakuomba hata siku moja ya kufikiri. Mwishowe kulikuwa na mahali pa kusemea.

Mie ndiye niliyefikiri. Nilikuwa mwalimu wa darasa la wasichana, la kwanza kuwahi kufika mbali kiasi kile pale kwetu. Niliwaaga asubuhi, nikawaambia atakuja mwalimu mwingine, na mmoja wao, binti wa mpishi wa misheni, akauliza, "Naye ataondoka akiolewa?" Tukapanda meli ya pwani na watoto wetu wawili, wakatapika njia nzima.

Dar es Salaam tulikaa Temeke. Wajumbe wengine walikaa pazuri kuliko sisi, lakini mume wangu alisema hawezi kuwasemea watu akiishi mbali nao. Tulipanga vyumba katika nyumba ya Kiswahili ya mjane wa Kizaramo, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nyumba ilikuwa ya udongo na fito, paa la makuti, ukumbi katikati, uani kuna minazi aliyoipanda mwenyewe alipokuja pale kama bibi arusi. Mimi nilimwita Bibi. Yeye aliniita Mwalimu, ingawa nilikuwa sina darasa, na kila aliponiita hivyo moyo uliniuma kidogo.

Temeke ya wakati ule ilikuwa mchanga mtupu. Mashamba ya mihogo yalianzia nyuma ya vyoo. Watu walikuwa wakihamia kila siku, Wazaramo, Wandengereko, Wamakonde waliokuja na patasi zao, Wangoni waliotoroka mkonge, na nyumba ziliota kama uyoga. Asubuhi mume wangu alivaa suti yake moja ya sufi, akabana suruali isishikwe na mnyororo wa baiskeli, akapita Keko mpaka mjini. Jioni alivua koti, na watu walikuwa tayari wamekwishakaa kwenye baraza ya Bibi wakimsubiri na mashauri yao. Watoto walisema Baba ana mabaraza mawili, la mjini la kukaa kwenye viti na la Temeke la kukaa kwenye udongo.

Mwanzoni ilikuwa raha. Bombani nilipishwa. "Mke wa mheshimiwa, tangulia." Bibi alitembea kifua mbele kama kwamba yeye ndiye aliyemzaa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo watu wa bombani hawakulijua, na mimi mwenyewe nililielewa polepole. Kiti cha mume wangu kilikuwa upande wa serikali. Aliyeteuliwa na Gavana kukaa upande ule alitakiwa kupiga kura pamoja na serikali. Kusema angeweza, kwa adabu. Kura si yake.

"Basi wamekuita wa nini?" nilimuuliza.

"Nionekane nimekaa," akanijibu.

Tangu hapo akaanza kuharibikiwa na usingizi na chakula. Alikuwa akitoka alfajiri, anatembea mpaka Chang'ombe na kurudi, halafu ndiyo anaoga aende mjini. Nami nilianza kuwa kama yeye. Nilifagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Nilifungua sanduku la nguo, nikazikunjua, nikazikunja tena. Usiniulize nilikuwa nataka kwenda wapi. Kusini nisingeweza kurudi, na mjini hapakuwa kwangu.

Halafu ukaja ule muswada.

Serikali ilitaka ardhi ya viwanda na maghala upande wetu wa mji. Muswada ulisema kwamba mtu aliyejenga bila hati, katika eneo litakalotangazwa, anaweza kuondolewa na nyumba kubomolewa. Hati! Temeke nzima nani alikuwa na hati? Bibi alikuwa amenunua kiwanja chake kwa jumbe, mkuu wa kijiji wa wakati ule, mbele ya mashahidi ambao wengi walikuwa wamekwisha kufa, kabla mzungu yeyote hajafika pale na kamba ya kupimia.

Habari zilifika bombani kabla mume wangu hajaniambia. Jioni hiyo Bibi alikaa mlangoni kwake, hakucheka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Eti ni kweli? Mumeo anatunga sheria ya kunivunjia nyumba anayolala humo humo?"

"Hajaitunga yeye, Bibi."

"Lakini yumo."

"Yumo."

Halafu akaniambia niingie ndani, mbu wamekuwa wengi. Kesho yake bombani hakuna aliyenipisha. Nilipanga ndoo yangu kwenye foleni, wanawake wakazungumza Kizaramo mpaka zamu yangu ilipofika.

Siku chache kabla ya kura, mkubwa mmoja wa serikali alikuja nyumbani kwetu kwa motokaa. Ilikwama mchangani mbele ya duka la mkaa, na majirani wakaisukuma, wale wale ambao nyumba zao zilikuwa zinaandikiwa sheria ya kuzibomoa. Aliingia chumbani kwetu, akakaa kwenye kiti chetu kizuri, akanishukuru sana kwa chai. Alizungumza Kiswahili safi, cha kikazi.

"Tunajua jambo hili ni zito kwako," alimwambia mume wangu. "Unaishi hapa. Hatutaki kukuaibisha. Siku ile ukiwa na homa, hakuna atakayeuliza."

"Mie sina homa."

"Temeke kuna malaria nyingi," yule Mzungu akasema, na akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Nafikiri alidhani anatoa msaada.

Alipoondoka nilimfuata mume wangu uani. Alikuwa anazunguka mnazi mmoja, anazunguka tu. Nilimuuliza akipoteza kiti tutakula nini, maana ofisi ya kusini ilikuwa imefungwa na watoto wako wawili na wa tatu njiani.

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Utafundisha."

"Huyu tumboni atanifundishia?"

Akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi namwona amesimama. "Mama watoto," akasema, "kule kwetu nilikuwa nikiwafundisha watu kujisemea, maana mie sikuruhusiwa kuingia. Sasa nimeruhusiwa kuingia. Nikijilaza kitandani na blanketi mwezi wa joto, watasema nini wale niliowafundisha?"

Nilikwenda kupiga pasi ile suti.

Siku ya kura nilimchukua Bibi, tukapanda basi mpaka mjini. Alivaa buibui lake la sikukuu. Mlangoni askari alitutazama, nikamwambia mie ni mke wa mjumbe na huyu ni mama yetu, akatuonyesha ngazi ya kwenda kwenye viti vya watazamaji. Kule juu kulikuwa na baridi ya mapangaboi. Chini waliketi wajumbe, Wazungu wengi, Wahindi kiasi, na watu wetu wachache. Mume wangu alionekana mdogo, na nilijua kwamba mguu wake ulikuwa unatikisika chini ya meza, ingawa sikuuona.

Walizungumza Kiingereza. Nilimfasiria Bibi sikioni, na yeye, ambaye hakujua kunong'ona, akawa ananiuliza kwa sauti, "Anasemaje huyo mwenye upara?" mpaka askari akatukoholea.

Mume wangu akasimama. Akanywa maji. Akasema watu wanaitwa wavamizi kwa kukosa hati, lakini wakati walipojenga hakukuwa na ofisi ya kuwapa hati. Akasema yuko mwanamke, hakumtaja, aliyepanda minazi kwenye kiwanja chake alipokuwa bibi arusi, na minazi ile sasa inazidi paa la nyumba. "Hajui kusoma," alisema, "lakini kama mahakama ingemwita, angewaonyesha minazi." Akaomba muswada ubadilishwe, asiondolewe mtu yeyote kabla hajasikilizwa mahakamani na kujieleza kwa mdomo wake.

"Amesema minazi?" Bibi aliniuliza. Neno hilo lilikuwa limemfikia hata katika Kiingereza, maana mume wangu alilisema Kiswahili, sijui kwa kusahau au kwa makusudi.

"Amesema minazi yako."

Bibi akakaa wima.

Mwanasheria wa serikali alijibu taratibu. Alikubali kwamba watu wapewe taarifa mapema na walipwe fidia ya miti na nyumba. Kusikilizwa mahakamani alikataa, kwa sababu kungechelewesha kazi. Kisha ikafika kura ya muswada mzima. Wajumbe wa upande wa serikali waliitikia ndiyo kwa pamoja, kama watu wa kanisani. Walipoulizwa wanaokataa, zikatoka sauti chache upande wa pili. Na moja upande wetu. Ya kwake. Vichwa viligeuka. Yule mkubwa aliyekunywa chai yangu alikuwa anatazama karatasi zake.

Muswada ulipita. Njia nzima ya kurudi kwenye basi Bibi alinishika mkono, na tulipofika Keko ndipo akauliza, "Kwa hiyo tumeshindwa?"

"Tumeshindwa, Bibi."

"Lakini amekataa."

"Amekataa."

"Haya," akasema.

Waliomteua walimwomba ajiuzulu, naye akajiuzulu kabla hawajamaliza kuomba. Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Alirudia kazi ya uwakili, akapata meza katika ofisi ya wakili mmoja wa Kihindi mjini, mzee mpole ambaye alisema anahitaji mtu wa kesi za jinai. Nilijifungua mtoto wa tatu, na alipoanza kukaa nikapata nafasi ya kufundisha katika shule ya misheni. Siku ya kwanza niliposhika chaki nikaandika tarehe vibaya kwa furaha.

Wapimaji walikuja Temeke baada ya masika. Walipigilia vigingi vyekundu kando ya njia, na kimoja kilisimama katikati ya uwanja wetu, kati ya jiko na choo. Watoto walikuwa wanakiruka wanapocheza. Taarifa ilitolewa kama ilivyoahidiwa, na Bibi alilipwa kwa kila mnazi, baada ya mume wangu kwenda kubishana mara nyingi na karani aliyetaka kuiandika mitatu kuwa michanga. Kiwanja kipya alipewa Mbagala, ambako wakati huo palikuwa pori na nyani.

Siku ya kuhama hakusubiri wavunjaji. Alivunja mwenyewe. Aling'oa mlango na fremu yake, madirisha, boriti nzuri za mikoko, akavipakia kwenye lori. Mume wangu alivua koti, akashika upande mmoja wa mlango, mimi na majirani upande wa pili. Bibi alituelekeza kwa sauti yake ile, "Polepole! Huo mlango una umri mkubwa kuliko nyie!" Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nyuma ya lori, ambako hakuna aliyeniona isipokuwa dereva.

Na sisi tulihama, maana ilikuwa nyumba yetu pia. Tulikwenda Kinondoni, upande wa mashambani, tukapata vyumba viwili kati ya mikorosho. Niliwaambia watoto kwamba sheria Baba aliyoikataa imetuhamisha hata sisi, na mkubwa akauliza kama Baba angekubali tungehama vilevile. Nikamwambia ndiyo, tungehama. Akafikiri. "Basi afadhali alikataa," akasema.

Ulipokuja uchaguzi, ule wa kwanza wa watu kupiga kura, chama kilichokuwa kikidai uhuru kilimtaka asimame. Ulikuwa uchaguzi wa ajabu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake inatupwa. Na si kila mtu aliruhusiwa. Walitaka elimu, au kipato, au cheo. Mie niliandikishwa kwa ualimu wangu. Bibi alitoka Mbagala kwa miguu kuja kujiandikisha, wakamrudisha. Alikuja kwetu vumbi limempanda mpaka magotini, akatua kikapu cha mihogo aliyotuletea.

"Wamesema sijasoma," akaniambia. "Nimewaambia basi nipigieni kura nyie, mie niseme jina tu. Hawataki."

"Mie nitapiga, Bibi."

"Ipige vizuri. Iwe ya watu wawili."

Niliipiga vizuri. Mume wangu alishinda, akarudi katika ukumbi ule ule, safari hii kwa watu waliomchagua, na hakuna aliyemwambia kura yake aiweke wapi. Nilidhani atatulia sasa. Wapi! Alikuwa akitoka Kinondoni asubuhi na mfuko wa maswali, anarudi jioni na majibu yaliyomuudhi. Swali lake la kwanza lilihusu Mbagala: watu waliohamishwa wameahidiwa maji, yako wapi? Serikali ilijibu jambo hilo linashughulikiwa. Akauliza tena kikao kilichofuata. Linashughulikiwa. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi kwenye ncha moja ya meza, yeye anaandika swali jipya kwenye ncha ya pili, na wino tuliogombania ulikuwa mmoja.

Bomba la Mbagala lilifika mwaka huo huo, wakati mambo mengine mengi yalikuwa yanabadilika kwa haraka na kila mtu alikuwa anazungumzia uhuru. Nilikwenda kulitazama Jumamosi moja na watoto. Bibi alikuwa amejenga, udongo na fito kama zamani, mlango ule ule umekaa mahali pake, na miche ya minazi kimo cha goti imezungushiwa miiba kuzuia mbuzi. Alitupeleka bombani, akalifungua mwenyewe kwa maringo, akanikingia kikombe.

Nilikunywa. Akanitazama usoni.

"Eeh?"

"Yana chumvi kidogo, Bibi."

"Kidogo? Maharage hayaivi! Mwambie mumeo."

Nilimwambia jioni ile ile. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka, akavuta karatasi, akaniuliza, "Amesema chumvi kiasi gani?"